Muuza Odowa wa Macalder Aliyeamua Kuoka Mawe Yake

“Sasa mkimaliza minyoo yote tumboni mwa mtoto, chakula kitasagwa na nani?”

Swali hilo Robi Maroa aliulizwa na jirani yake, Mama Oliver, mwezi wa Desemba mwaka wa 1997. Walikuwa wamesimama mlangoni mwa nyumba ya Robi hapa Macalder. Ndani, binti yake Nyangi alikuwa amelala, amekunja mguu wa kulia, hataki kuunyoosha. Hata Robi mwenyewe aliamini hivyo hivyo.

Siku hizi jibu analo, na analitoa kwa mikono.

Saa moja asubuhi, Robi anakoroga mchanga wa moto ndani ya nusu pipa la mafuta lililokalishwa juu ya mafiga matatu. Ndani ya mchanga huo mna mawe madogo ya kijivu, makubwa kama kidole gumba. Moshi unamwingia machoni lakini haondoki. Anainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni.

“Jiwe bichi ni bubu,” anasema. “Likianza kulia kama karanga, hapo ndipo naanza kuimba. Wimbo wa kanisani wenye beti nne, mara tatu, bila haraka. Nikimaliza, limeiva. Saa sina, lakini wimbo haujawahi kunidanganya.”

Mawe hayo wenyeji huyaita odowa. Asiyeyajua huyadhani ni chaki iliyochafuka. Wanawake, na hasa wajawazito, huyatafuna polepole, wakisema yana ladha ya mvua ya kwanza. Sokoni Rongo hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, na mwanamke anaweza kukosa mboga lakini hakosi odowa kwenye kitambaa chake.

Wanaouza odowa ni wengi. Anayeioka ni Robi peke yake, na leo uokaji huo unaweza kumgharimu biashara nzima. Bichage, mfanyabiashara kutoka Kisii, ndiye mnunuzi wake mkubwa. Kati ya magunia manne anayotoa kwa wiki, Bichage huchukua matatu. Juzi alituma neno kwamba anakuja leo, na kwamba anataka mawe mabichi kama zamani. Asipoyapata, basi.

“Aje tu,” anasema Robi, akipangusa jasho kwa kanga. “Njia anaijua.”

Robi ana miaka arobaini na mitatu. Ni Mkuria, alizaliwa karibu na mpaka wa Tanzania, na alifika Macalder mwaka wa 1984 akimfuata mumewe, Mniko, aliyekuja kuosha dhahabu. Wanaume walikuwa wakichimba mashimo na kutupa pembeni mawe laini wasiyoyataka. Robi aliona kuwa kila mwanamke aliyepita aliinama, akaokota moja, akalifuta kwa sketi na kulitia mdomoni.

“Wanaume walitupa chakula wakitafuta dhahabu,” anasema na kucheka. “Dhahabu walilala nayo njaa siku nyingi. Mimi sijawahi kukosa mteja.”

Akajitafutia shimo lake chini ya mteremko, ambako odowa ilikuwa laini zaidi. Akachimba kwa mtalimbo, akavunja kwa nyundo, akaanika juani, akauza. Juu ya mteremko kulikuwa na kambi ya wachimbaji zaidi ya mia moja, na choo hakikuwepo. Waliingia vichakani. Mvua ilipokuja ilisafisha vichaka hivyo na kuteremsha kila kitu. Kwa miaka kumi na mitatu Robi hakuwahi kuyawaza mambo hayo mawili kwa pamoja.

Nyangi alikuwa akimsaidia kuvunja mawe baada ya shule. Kila alipovunja matano, moja lilikwenda mdomoni.

Kisha zikaja mvua za El Nino, na wakati huo Nyangi alikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi moja aliamka akisema tumbo linamuuma kitovuni. Akatapika. Nyumba nyingi za huku huamini kuwa mtu huzaliwa na minyoo yake, ambayo Wajaluo huiita njokla. Ndiyo inayosaga chakula, na ndiyo inayonguruma mtu akiwa na njaa. Ikikasirika huuma, na dawa ni kitu kichungu cha kuituliza. Ila mtu haimalizi yote, maana ni yake.

“Mimi niliyakuta maneno hayo hapa, nikayameza kama nilivyomeza odowa,” anasema Robi. “Nilichemsha mizizi, nikampa kikombe kimoja. Maumivu hayakuisha. Siku ya pili yakahama kutoka kitovuni, yakashuka upande wa kulia. Nikasema, kumbe zinakimbia! Nikampa kikombe kikali zaidi, kile cha kuharisha.”

Hapo ndipo Mama Oliver alipouliza swali lake mlangoni, akihofia mtoto atabaki na tumbo tupu lisilo na wa kusaga.

Siku ya tatu, karibu saa sita mchana, maumivu yakakatika ghafla.

“Nyangi akaniambia, ‘Mama, imeacha.’ Nikapiga magoti pale pale kwenye udongo. Mama Oliver akapiga vigelegele. Akaniambia, ‘Si nilikuambia, nyar Kuria, binti wa Kikuria? Hizo zimelala. Sasa zipe uji zisiamke na hasira.’ Tukampa mtoto uji wenye sukari, kikombe kizima. Majirani wakaja kunipongeza.”

Jioni mwili wa mtoto ulikuwa moto, na tumbo lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia nyama.

Robi anachota mchanga, anaumwaga.

“Nilimshukuru Mungu mapema mno,” anasema. “Lakini hakunikasirikia.”

Mniko alimpandisha binti yake kwenye baiskeli, akamfunga kwa shuka asianguke. Magari yalikuwa hayapiti kwa sababu ya matope, kwa hiyo alisukuma mpaka barabara kuu. Huko walipata lori lililokuwa likielekea Homa Bay kuchukua samaki. Kila shimo la barabarani Nyangi alipiga kelele, na kila alipopiga kelele dereva aliomba msamaha kama ndiye aliyelichimba.

Katika hospitali moja ya misheni huko Homa Bay, daktari alimgusa Nyangi tumbo mara moja tu, akaita watu wa chumba cha upasuaji. Kidole tumbo, kile kiutumbo kidogo kinachoning’inia upande wa kulia, kilikuwa kimepasuka. Maumivu yaliyokatika mchana ule hayakuwa minyoo kulala. Usaha ulikuwa umepata njia ya kumwagika tumboni.

Baada ya upasuaji daktari alimwonyesha Robi chupa. Ndani mlikuwa na kipande cha nyama kilichochanika, na mnyoo mmoja mweupe kama tambi, mrefu kama penseli mpya.

“Alinikataza nisiende kutangaza kwamba kila kidole tumbo kinachouma kina mnyoo ndani,” anasimulia Robi, na hapa anaongea polepole, kama mtu aliyeapishwa. “Alisema mara nyingi wakipasua hawakuti kitu kama hicho, na sababu yenyewe huwa hawaijui sawasawa. Lakini huyu wa Nyangi aliingia, akaziba, kama mtu anayeziba bomba kwa tambara. Akaniuliza nilimpa nini. Nikamwambia. Akasema dawa ya kuharisha kwenye tumbo la namna hiyo ni kama kuminya jipu likiwa ndani ya mtu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.”

Nyangi alilazwa siku ishirini na mbili. Robi alikuwa amekuja na mfuko wake wa odowa, maana muuzaji haendi safari bila bidhaa. Akawa anakaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, akiuza moja moja apate sabuni na mkate. Wajawazito walimzunguka kama kuku kwenye mtama.

Siku ya tano alipita mtu mwenye koti jeupe, Okemwa, Mkisii anayefanya kazi maabara.

“Mama, hiyo ni odowa?”

“Ndiyo, daktari. Onja. Ya kwanza ni bure.”

“Mimi si daktari, ni wa maabara. Na sionji. Nipe mbili nikazitazame.”

“Ukazitazame? Kwani ni wachumba?”

Benchi zima lilicheka. Okemwa naye alicheka, lakini alichukua mbili akaenda nazo.

Kesho yake alimwita. Alimkalisha mbele ya hadubini, chombo kile cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho, akamwambia afumbe jicho moja. Robi hakuona kitu mara ya kwanza, wala ya pili. Mara ya tatu aliona duara la kahawia lenye ukuta uliojaa vinundu, kama tunda la porini.

“Nini hii?”

“Yai. La mnyoo wa aina ile ile tuliyoitoa kwa binti yako.”

“Limeingiaje ndani ya jiwe?”

“Halikuingia, mama, limeoshewa juu yake. Kuna watu wanajisaidia karibu na shimo lako?”

Robi aliuona mteremko wote mbele yake: vichaka, kambi, mvua, shimo. Alitoka, akachukua mfuko wake, akaenda nao mpaka shimo la taka nyuma ya hospitali na kuumwaga wote. Wanawake walimfuata wakilalamika. Mmoja, mwenye tumbo la kukaribia kujifungua, alimshika mkono.

“Aliniambia, ‘Mama, hata moja tu, nitalilamba, sitalimeza.’ Nikamwambia, ‘Mwanangu, nitakuletea. Sijui lini, lakini nitaleta iliyo safi.’ Nilikuwa nimeshasema. Mtu akishasema mbele ya mjamzito, harudi nyuma.”

Alirudi kwa Okemwa na maswali. Jua linaua mayai? Okemwa akamwambia asilitegemee, mayai hayo hukaa udongoni miezi na miezi yakingoja. Kuosha? Hapana, hung’ang’ania. Moto je? Okemwa akatabasamu. “Yai la kuku ukilichemsha litaangua kifaranga?” Akamwonya pia kwamba yai lililokufa linaweza kuonekana bado kwenye chombo chake. Kwa hiyo asiamini macho, aamini moto.

Kuuamini moto kulimgharimu. Mara ya kwanza aliyachoma mawe kwa moto wa wazi, kama wanawake wa Kijaluo wanavyochoma vyungu. Yakatoka mekundu, magumu.

“Sokoni waliniuliza, ‘Robi, hii ni ya kula au ya kujengea?’ Mama mmoja wa soko la Kisegi alinirudishia jiwe langu pamoja na kipande cha jino lake. Nilimrudishia pesa. Jino sikuwa nalo la kumrudishia.”

Akajaribu jivu la moto, yakawa na ladha ya moshi. Mwishowe alimwona mwanamke akikaanga karanga kwenye mchanga, akasimama hapo mpaka yule mwanamke akamuuliza kama ana shida. Mchanga ulimpa joto la kutosha bila kuyageuza tofali. Lakini harufu ilipotea, na odowa bila harufu ya mvua ni mawe tu.

Kuirudisha kulimchukua miezi mitatu. Siku hizi, mawe yakitoka kwenye mchanga, anayatia ndani ya chungu kipya, anayanyunyizia maji yaliyochemshwa, kiasi cha kiganja kimoja tu, na kufunika. Baada ya saa moja anafunua. Anamkaribisha mgeni ainame anuse. Harufu inayotoka ni ile ya barabara ya vumbi inapopigwa na matone ya kwanza.

“Hapo mjamzito amefika nyumbani,” anasema Robi kwa kujiamini.

Hakuishia kwenye jiko. Shimo la chini amelifukia, amefungua jingine juu ya kambi. Kisha aliwaendea wachimbaji wenyewe siku ya Jumapili, wakiwa wameketi.

“Niliwaambia, ‘Nyinyi mnachimba mita kumi mkitafuta dhahabu msiyoiona. Nichimbieni mita tatu tu, kwa ajili ya kitu mnachokiona kila siku.’ Walicheka mpaka wakakohoa. Mmoja akasema, ‘Mama, unataka tukuchimbie kiti cha enzi?’ Nikamwambia, ‘Ndiyo, na wewe ndiye utakuwa wa kwanza kukikalia.’ Walichimba vyoo viwili. Sasa wanaona aibu kwenda kichakani.”

Nyangi yupo darasa la saba. Ana kovu refu kidogo kuliko kawaida, anatembea bila shida, na kila miezi sita humezeshwa dawa ya minyoo kwenye zahanati. Odowa ameiacha kabisa, lakini mdomo haujaacha utani. “Mungu alimuumba mtu kwa udongo mbichi,” humwambia mama yake. “Wewe tu ndiye unayetaka uokwe kwanza.”

Kuhusu minyoo kusaga chakula, Robi alimjibu Mama Oliver mwaka jana. Alimkaribisha chakula cha mchana, akamketisha mkabala na Nyangi. Mama Oliver alimtazama mtoto asiye na hata mnyoo mmoja akimaliza ugali, akiomba mwingine, akiumaliza na huo. Akasema, “Haya, nimeona,” akachukua kipande cha mwisho kabla nacho hakijaenda. Siku hizi ndiye mteja wake wa odowa iliyookwa, na humtolea ushahidi kwa sauti kubwa sokoni hata pale asipoombwa.

Robi anataka kuongeza pipa la pili kabla ya mwaka huu wa 1999 kuisha. Anataka pia kibanda kidogo Rongo, na karatasi za kufungia zilizoandikwa jina lake na neno moja: imeokwa. Wajawazito wanaomnunulia huwaambia wasimfiche muuguzi wa kliniki kwamba wanakula mawe, hata kama ni ya kwake. “Mimi naua mayai tu,” anasema. “Damu ikiwa kidogo, hilo si la jiko langu.”

Saa nne kasorobo, pikapu ya Bichage inasimama nje ya ua. Ni mtu mnene, mwenye kofia ya nyasi, na anaingia akitazama huku na huku kama anayetafuta mbuzi wake.

“Mama Nyangi, umeamkaje?”

“Salama, Baba Liz. Karibu kiti.”

“Sikai. Mbichi ziko wapi?”

“Ziko ardhini.”

Wachimbaji wawili wanaopita njiani wanaangua kicheko. Bichage anawageukia, wanaharakisha mwendo.

“Usinichezee. Nimetoka Kisii alfajiri. Hizi zako zinaongeza shilingi thelathini kwa gunia, kisha zinavunjika njiani. Maduka ya Nairobi hayaulizi mambo ya mayai.”

“Hawaulizi kwa sababu hawajaambiwa.”

“Na wewe ndiye umetumwa uwaambie? Watu wamekula udongo tangu dunia iumbwe. Nyanya yangu alikula, akafa na miaka tisini.”

“Alizika watoto wangapi?”

Bichage anavua kofia, anaitazama ndani, anaivaa tena.

“Magunia matatu kila wiki, Mama Nyangi,” anasema, sasa kwa sauti ya chini. “Mia saba na hamsini mkononi, bila kukaa juani. Nani mwingine atakununulia matatu?”

“Hakuna.”

“Basi nipe mbichi mbili na iliyookwa moja. Tugawane hasara.”

“Nikuchagulie na wa kuzila hizo mbichi mbili?” Robi hajainua sauti. Anaendelea kukoroga mchanga. “Baba Liz, nilimpa mtoto wangu vikombe viwili vya ujinga, nikapongezwa na majirani. Kwa gorogoro nitapata labda mia tatu. Nitakaa juani Rongo Jumanne, Kisegi Ijumaa, na siku zingine nitamwomba Mungu. Mbichi sitakupa, hata gunia moja. Magunia yako yako pale chini ya paa, nimeyakung’uta.”

Bichage anakwenda, anayachukua. Ni matatu, yamekunjwa vizuri. Anayaweka kwapani.

“Mama Liz anaendeleaje?” anauliza Robi. “Nilisikia amebeba tena.”

“Huu ni mwezi wake wa sita.”

“Msalimie sana.”

Njia ya kutokea inapita kando ya chungu kilichofunuliwa. Bichage anafika hapo, anasimama. Anainama, ananusa. Anachukua jiwe moja, analigeuza mbele ya macho, analirudisha. Kisha anatoa leso mfukoni, anayaweka chini magunia yake matupu, anaitandaza juu yake, anachota mawe yaliyookwa kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, anafunga fundo na kulitia ndani ya shati upande wa moyo.

Anamtazama Robi. Robi anaendelea kukoroga.

Bichage anayaokota magunia yake matupu na kutoka.